Kipande Kimoja Tu

Wenzetu wa Nairobi wakitaka kutuliza akili hununua picha iliyokatwa vipande 1000, wakajifungia wikendi nzima kuiunganisha. Burudani ya wenye nafasi, na haikuanza jana: John Spilsbury wa London aliuza ramani zilizokatwakatwa tangu miaka ya 1760.

Sisi wa eneo bunge la Banissa tulipewa fumbo letu bure, la kipande kimoja tu. Mbunge wetu alifariki Machi 2023, na Katiba inataka pengo lizibwe ndani ya siku 90. Lakini tume ya uchaguzi yenyewe haikuwa na makamishna. Yaani kipande kinatafutwa na sanduku tupu! Basi tukatulia. Tukatulia hasa, zaidi ya miaka miwili na nusu. Tulipiga kura Novemba 27, 2025.