Kipaji Kilichochelewa

Kuna wanaonung'unika kwamba televisheni ya CBS inamlipa Tony Romo mamilioni ya dola kila mwaka ili aketi na kipaza sauti, atufafanulie Dallas Cowboys, timu ya kandanda ya Kimarekani. Mimi namtetea. Nani aijue nyumba kuliko aliyeungulia jikoni mwake?

Romo alikuwa kwotabeki wao, yule anayepanga shambulizi na kurusha mpira, hadi alipostaafu 2017. Tangu hapo anatabiri mchezo kabla haujachezwa. Kipaji hicho, kwa unyenyekevu wake, hakutaka kukionyesha sana katika mechi za mchujo: alishinda mbili, akapoteza nne. Januari 2007 kule Seattle alitakiwa tu kuushika mpira wima upigwe. Ukamponyoka. Leo, mpira wa mtu ukiponyoka, tunapata maelezo ya mtaalamu aliyebobea, na bado watu wanalalamikia mshahara!

Mlinganishe na Troy Aikman, kwotabeki mwingine wa Cowboys anayechambua kwenye televisheni ya jirani. Masikini, yeye alitwaa ubingwa wa Super Bowl mara tatu, ya mwisho Januari 1996. Atajuaje machungu ya timu ambayo tangu siku hiyo haijafika hata fainali ya kanda? Uzoefu unaotakiwa hana.

Mwenye timu, Jerry Jones, hahitaji mchambuzi yeyote. Mwaka 2024 jarida la Forbes liliikadiria Cowboys kuwa na thamani ya dola bilioni 10.1. Kombe ni la wenye njaa.