Boriti ya Nani?

Katika nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja, boriti iliyolegea hugunduliwa na mtoto kabla ya fundi. Mtoto huiweka gololi yake kizingitini, gololi ikajiondokea taratibu, ikapita chini ya kitanda na kwenda kutulia katikati ya chumba. Mtoto hufurahi. Mama huvuta mkeka akafunika pale palipobonyea. Baba husema nyumba za zamani ndivyo zilivyo, na maneno yakaishia hapo kwa miaka. Huanza upya siku kabati la vyombo linapojifungua milango usiku wa manane, na hapo anayeitwa kwanza si fundi, ni mtu wa kusoma Yasini.

Jini wa watu hana kosa. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake nene, nusu mita na zaidi, na kutoka ukuta hadi ukuta zimelazwa boriti za mikoko zikifuatana kwa karibu. Juu ya boriti hupangwa mawe, juu ya mawe humwagwa kifusi na chokaa, kisha hupigwapigwa mpaka vikashikana. Sakafu peke yake ina uzito wa kutisha, hata kabla hajaingia mtu na jokofu lake. Na kwa kuwa boriti nzuri haizidi sana mita tatu, vyumba vimekuwa virefu na vyembamba: upana umeamuliwa na mti, si na mwenye nyumba. Ndiyo maana seti ya sofa iliyonunuliwa Dar es Salaam kwa bei ya kuringia huishia barazani, ikalaliwa na paka.

Mkoko ni mti mgumu, na ukikaa pakavu humaliza karne bila kulalamika. Kinachoumaliza ni maji, tena hayatokei pale yanapoonekana. Huteremka ndani ya ukuta kimyakimya mpaka kwenye kichwa cha boriti kilichozikwa humo, yakafanya maskani. Katikati ya chumba, pale macho yanapofika, boriti bado inang'aa rangi ya Idi iliyopita. Vichwani imeshakuwa unga.

Nyumba moja ya Mkunazini ilifika huko. Chini anakaa Bi Mkubwa, mjane mwenye ulimi mwepesi na kumbukumbu nzito. Juu anakaa mwalimu mstaafu, mpangaji wa miaka mingi, anayetembea kwa bakora na kuzungumza kwa vifungu vya a, b na c. Fundi mzee aliletwa, akapanda ngazi chumbani kwa Bi Mkubwa, akaanza kugonga boriti kwa kitako cha nyundo. Ngo, ngo, ngo. Alipokaribia ukuta, sauti ikageuka: bu. Akatoa bisibisi mfukoni akaichomeka. Ikazama mpaka mpini.

"Bi Mkubwa," alisema akiwa bado juu ya ngazi, "hapa iliyoshika nyumba ni rangi."

Likazuka swali ambalo bisibisi haiwezi kulijibu: boriti ni ya nani? Bi Mkubwa alishika msimamo kwamba boriti hubeba sakafu, sakafu ni ya mwalimu, basi mwalimu ndiye wa kulipa. Mwalimu alijibu kutoka juu ya ngazi, kwa heshima zote, kwamba (a) boriti haionekani kutoka kwake, (b) hajawahi kuipaka rangi, na (c) kitu kinachoonekana chumbani kwa mtu na kupakwa rangi na mtu huyo ni dari yake. Sheha aliitwa. Akanywa kahawa, akaitazama boriti kwa chini, akapanda kuitazama sakafu kwa juu, akanywa kahawa ya pili, akasema waulizwe wenye nyumba.

Wenye nyumba ni warithi, na warithi ni watu kumi na zaidi waliotapakaa Unguja, Dar es Salaam, Muscat na London, wakikutana kwenye kundi la WhatsApp lililofunguliwa kwa ajili ya msiba na kubaki likitumika kutumiana dua za Ijumaa. Picha ya bisibisi iliyozama ilipotumwa, wa kwanza kujibu aliandika "Mashaallah" kabla hajaifungua. Wa pili aliuliza kama hiyo ndiyo nyumba yenye mwembe. Ami wa Muscat, anayeishi chini ya zege na kiyoyozi, akatuma ujumbe wa sauti mrefu, na kiini chake kilikuwa kimoja: ng'oeni miti yote, mwageni zege, mmalize.

Kuna jambo la kuchekesha katika kauli hiyo kutoka mji huo. Kwa karne nyingi majahazi yaliyoletwa na kaskazi yalirudi Ghuba na kusi yakiwa yamesheheni boriti za Lamu na za delta ya Rufiji, zikiuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Oman, Kuwait na Bahrain hazikuwa na misitu ya kujengea, na nyumba zao za kale ziliezekwa kwa miti hiyohiyo ya pwani yetu. Upana wa vyumba vya babu zake ami huenda uliamuliwa na mkoko uleule. Biashara hiyo ilififia baada ya mafuta kuleta saruji na vyuma, na Kenya ikapiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka 1982 ili kuinusuru mikoko.

Mpwa wa London, anayesomea uhandisi, aliingilia kati. Zege ni zito na halinyumbuki, aliandika, na ukuta wa matumbawe na chokaa umezoea mzigo unaonyumbuka nao. Chuma nacho, kikizikwa kwenye ukuta wenye unyevu karibu na bahari, hupata kutu, kutu huvimba, na kinapovimba hupasua jiwe. Halafu Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na tangu 1985 una mamlaka yake ya uhifadhi. Mtu hajiamkii tu akamwaga zege anavyotaka. Alimalizia kwa kuwakumbusha Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, lenye nguzo za chuma na sifa za kila aina, na ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo. Watu wawili walifariki.

Kundi lilinyamaza siku nzima. Kisha michango ikaanza kuingia.

Hapo ndipo mpwa mwingine, wa Unguja, dereva wa gari la watalii, alipoamua kuokoa gharama. Ijumaa asubuhi, fundi akiwa hajafika, alileta jeki ya kubadilishia tairi, akaiweka juu ya matofali mawili, akasimamisha mrunda juu yake mpaka ukaigusa boriti, akaanza kupampu. Bi Mkubwa alimwambia, "Mwanangu, taratibu." Mwanangu akasema jeki hii inanyanyua Land Cruiser.

Kunyanyua ilinyanyua. Tatizo ni kwamba sakafu iliyobonyea kwa miaka thelathini haitaki kunyooshwa kabla ya chai. Mzigo mzima ulikusanywa kwenye nukta moja badala ya kutandazwa kwa ubao mrefu unaopita chini ya boriti nyingi, na kila kilichosukumwa juu kilisukumwa chini vilevile: matofali mawili yakaanza kutitia kwenye sakafu ya chokaa ya Bi Mkubwa. Juu kulisikika mlio mkavu, ufa ukapanda ukutani, na fremu ya mlango wa chumba cha mwalimu ikapindia upande. Mwalimu alikuwa ndani, ameshavaa kanzu na kofia. Mlango ukagoma.

Wakamsukumia, akavuta, akasukuma, wakavuta. Kushusha jeki ghafla hawakuthubutu. Adhana ikapita. Mwalimu alifungua dirisha, akakaa kwenye kiti, akasikiliza hotuba nzima kwa kipaza sauti cha msikiti wa jirani. Anasema ilihusu haki za jirani, na kwamba hajawahi kuielewa hotuba vizuri kama siku ile.

Fundi alipofika hakufoka. Alivua viatu, akaitazama ile jeki, akamtazama kijana, akamuuliza kama gari lake lina breki. Kisha akafanya kazi kwa namna yake. Chini alitandaza mbao nene ili mzigo usitoboe sakafu. Juu, akapitisha ubao mmoja mrefu chini ya boriti nne nzima, na katikati akasimamisha mirunda kwa mstari. Jeki ya mafuta aliirudisha kwa mwenyewe, maana ile hupumua kidogokidogo usiku na kushuka watu wakiwa wamelala; akatumia za skrubu, ambazo hukaa pale ulipoziacha. Kila asubuhi alizungusha kidogo, milimita moja au mbili, akapiga kabari, akaondoka. Bi Mkubwa aliona analipwa kwa kunywa chai. Lakini ufa wa juu ulianza kujifunga, na mlango wa mwalimu ukafunguka wenyewe kabla ya Ijumaa iliyofuata.

Boriti mpya ilikuwa na hekaya yake. Mikoko siku hizi haitiwi shoka ovyo, inataka kibali, na muuzaji aliyekuwa nayo alikuwa na tabia za zamani: anauza korija. Fundi alihitaji moja. Baada ya mabishano marefu aliondoka nayo moja, kwa bei ambayo Bi Mkubwa alidai ingetosha mahari. Kuiingiza ilikuwa kazi ya jicho. Boriti ni ndefu kuliko chumba, kwani vichwa vyake viwili hukaa ndani ya kuta, na kuta hazisogei. Fundi alichimba tundu la upande mmoja kwa kina mara mbili, akaiingiza boriti kwa mshazari mpaka mwisho, akaiweka sawa, kisha akairudisha nyuma kuelekea tundu la upande wa pili, ikakaa. Akajaziliza kwa mawe madogo na chokaa. Kijana alipoleta mfuko wa saruji "ili ishike vizuri", aliambiwa akaujengee banda la kuku. Saruji hufungia unyevu ndani, na unyevu ndio uliowaleta wote pale.

Kazi ikaisha, ila fundi hakukunja vyombo. Alisema boriti haikujilowesha. Kila mtu akamgeukia mwalimu na bafu lake. Mwalimu, kwa furaha iliyofichwa vibaya, akawafungulia mlango: bafu kavu, bomba halivuji, ukuta mkavu mpaka usawa wa dirisha. Alama ya maji ilitoka juu zaidi. Wakapanda paani wote, fundi mbele, sheha nyuma akihema.

Paani, juu ya ukuta uleule hasa, lilikuwa limekaa tangi jeusi la lita 1,000, tani nzima ya maji likijaa, na bomba lake la kufurikia limeelekezwa kwenye ufa wa paa. Kutoka tangini mpira ulishuka, ukapita dirisha la mwalimu bila kuingia, ukaenda moja kwa moja hadi jikoni kwa Bi Mkubwa.

Watu wote wakamtazama. Bi Mkubwa akaweka sawa ukaya wake.

"Tangi langu," alisema. "Paa la warithi."