Queen na Wenye Saa Mkononi

Roki ya progresivu ina wazee wake, na wazee hao hawaendi kusikiliza muziki bila saa. Wimbo ukizidi dakika 10 na kubadili mapigo mara nne, karibu ndani, kaa kitako. "Close to the Edge" ya Yes, ya mwaka 1972, ina dakika 18 na ushei: huyo ni wa ukoo, hana maswali. Lakini ikitajwa Queen, kikao huvunjika.

Utetezi upo. Albamu ya "Queen II" ya 1974 imejaa majini, majitu na sauti zilizorundikwa mpaka zikakosa pa kukaa. "The Prophet's Song" ya 1975 inapita dakika 8. Na "Bohemian Rhapsody", yenye opera katikati na bila kiitikio, haifiki hata 6. Wazee hutikisa kichwa: mfupi mno! Tena una kosa lisilosameheka, watu wanaupenda. Mwimbaji wao, kijana wa Unguja aliyezaliwa 1946, akauimba hadi walevi wakaukariri. Progresivu gani hiyo inayoimbika bafuni?

Halafu 1980 wakatoa "Another One Bites the Dust", watu wakacheza. Kucheza! Faili likafungwa.

Sasa enyi wazee, nisaidieni jambo moja dogo. Gitaa la mtindo wa flamenko kwenye "Innuendo" ya Queen, 1991, lilipigwa na Steve Howe, mpiga gitaa yuleyule wa "Close to the Edge". Mfukuzeni na yeye.