Mbuzi Isiyo na Chuchu

Katika viungo vyote alivyotunukiwa mwanadamu na Muumba wake, sijui kimoja kisicho na adabu mithili ya tumbo. Jicho likitaka kulia hutanguliza ukungu, mkono ukitaka kupiga hukunja ngumi kwanza, na hata chafya, ijapokuwa ni ya ghafula, hutuma ilani puani; lakini tumbo hunena litakapo, mbele ya mkubwa na mdogo, wala halijali kama msemaji mwingine amekwisha kushika zamu. Langu lilichagua kunena katika nikahi ya kijana wa jirani, hapa kwetu Ngamiani, Tanga, wakati shehe alipofika mahali pa kutua pumzi katika khutba yake, na hadhira nzima imetulia kama maji ya mtungini. Nilikuwa nimekalishwa safu ya mbele kwa heshima ya mvi zangu, na tumboni mwangu mlikuwamo bilauri tatu za faluda nzito ya maziwa, niliyokuwa nimeinywa kabla ya wakati kwa hoja kwamba mzee hapaswi kungoja zamu pamoja na watoto. Ukatoka mngurumo mrefu, wenye kupanda na kushuka, ambao mzee aliyeketi ubavuni pangu aliupokea kwa kutazama juu kama aangaliaye mawingu, naye bwana harusi, maskini, aliudhani ni swali, akajibu, "Nimekubali."

Kesho yake nilikwenda kwa tabibu. Alinisikiliza kwa staha, akaniuliza maswali ambayo mtu wa heshima hujibu akitazama dirishani, kisha akanifahamisha kwamba maziwa yana sukari yao wenyewe, iitwayo laktosi, ambayo mtoto huivunja kwa kimeng'enya cha utumbo mwembamba kiitwacho laktasi. Lakini kwa takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani kimeng'enya hicho hupungua baada ya utotoni, na sukari isiyovunjwa huteremka hadi utumbo mpana, ambako vijidudu huipokea kwa shangwe, vikaichachusha na kutoa hewa. Nilimwuliza mbona Wamasai hunywa maziwa mpaka uzeeni na hawavurugi harusi za watu. Akanijibu kwamba jambo hilo limechunguzwa: mwaka 2007 wataalamu walioongozwa na Sarah Tishkoff walieleza jinsi wafugaji wengi wa Tanzania, Kenya na Sudan walivyorithi mabadiliko katika vinasaba yanayoifanya laktasi idumu ukubwani. Babu zangu mimi walikuwa wavuvi wa Pangani, na urithi walioniachia ni kupenda vitamu. Hivyo tabibu akakata hukumu: maziwa ya ng'ombe basi, na ya mbuzi basi vilevile, kwa kuwa nayo yana sukari ileile. Nilishukuru kwamba hakumtaja ngamia, maana ingalinibidi kuhama mtaa.

Sasa yafaa msomaji ajue kwamba nyumba yetu ina bwana wake, ambaye ni mimi, na ina sultani wake, ambaye ni shangazi yangu, mjane aliyepita miaka sabini na mitano, ambaye kadiri masikio yake yalivyopungua ndivyo amri zake zilivyozidi. Mke wangu, ambaye angaliweza kuwa mkalimani baina yetu, alikuwa Pangani akimwuguza mamake. Nilimwamkia shangazi, nikaketi karibu naye, nikamwambia kwa sauti ya mnadi, "Shangazi, daktari amenikataza ng'ombe, na mbuzi pia!" Alinitazama kwa huruma kubwa. "Mbuzi pia?" akauliza. "Mbuzi pia," nikajibu. Akatikisa kichwa, akasema, "Haya mwanangu, maradhi hayachagui," akainuka akaingia jikoni.

Na msomaji asiye wa pwani na ajue zaidi ya hapo kwamba mbuzi, katika jiko letu, si yule mnyama wa ndevu, bali ni kile kigoda cha mti chenye ulimi wa chuma wenye meno nchani, ambacho mkunaji hukikalia akakuna nazi. Hakina kwato, hakina pembe, wala hakina chuchu, ingawa sijapata kuona mnyama atoaye maziwa meupe kuliko tui litokanalo na kazi yake. Jioni ile ile, pasi na kuniambia, shangazi aliichukua mbuzi yetu akaipeleka kwa shoga yake wa barabara ya saba, ili nisije nikaiona nikatamani. Kutoka siku hiyo wali wetu ukawa mkavu na mchuzi ukawa wa maji, nami nikadhani shangazi anaombolezea afya yangu. Nilipothubutu kuuliza mbuzi iko wapi, alinijibu, "Hiyo si yako tena." Nikaona si adabu kumhoji mkubwa.

Lakini ulimi, tofauti na mimi, haukuwa na adabu hiyo. Baada ya siku kumi bila kitamu chochote nilianza kuota kashata, na siku ya kumi na moja nikaazimia kuingia jikoni mwenyewe, ilhali tangu kuzaliwa kwangu sikupata kupika kitu kigumu kuliko chai. Nilisema moyoni: maziwa yamekatazwa, na tui ni jeupe kama maziwa, basi tui na lishike kazi ya maziwa. Kwa kuwa mbuzi haikuwapo nilinunua dukani tui la unga, nikalikoroga na maji, nikatia sukari kwa ubahili wa mtu aliyetoka hospitali, nikalitia katika friza usiku kucha ili liwe barafu ya kula kwa kijiko.

Asubuhi nilitoa jiwe. Wahenga walisema nazi haishindani na jiwe. Mimi nilikuwa nimevipatanisha, nazi imekuwa jiwe lenyewe. Kijiko cha kwanza kilipinda, cha pili kiliteleza, kikaruka, kikaipiga picha ya marehemu babu ukutani, naye akabaki ameinamisha kichwa upande kama asemaye, "Ala!" Hatimaye nilitwaa mchi wa kinu. Baadaye nilifahamu kwamba sukari ndiyo inayoyazuia maji yasigande yote, na kwamba barafu hutaka kukorogwa mara kwa mara inapoganda ili chembe zake zisikue. Mimi sukari niliihini, na badala ya kukoroga nililala. Hata kile kipande nilichofanikiwa kukivunja kiliniacha na utando kaakaani, kana kwamba nimelamba mshumaa, kwa sababu mafuta ya nazi huganda yakiwa chini ya nyuzi 24 hivi za Selsiasi. Ndiyo maana chupa yake ikipandishwa Lushoto, kwenye baridi ya milimani, huganda, na aliyeibeba akadhani ameuziwa samli.

Jaribio la pili lilikuwa la krimu. Nilipata dukani kisanduku cha unga wa kupigia krimu, chenye picha ya mnazi uliopinda kwa unyenyekevu na bahari nyuma yake, wala hapakuwapo ng'ombe hata mmoja ufukweni. Nikaipiga krimu, ikaumuka, nikaipaka juu ya keki niliyonunua kwa mwokaji aliyeniapia kwamba hatii maziwa, nikala kwa imani ya mwanafunzi wa chuoni. Baada ya sala ya isha tumbo likapanda mimbari. Usiku wa manane, nikiwa baina ya safari moja na nyingine, nilikitwaa kile kisanduku na miwani yangu, nikasoma maandishi madogo yaliyojificha chini ya bahari ile, na humo nikakuta maziwa ya unga yametajwa ya tatu katika orodha. Kwa ghadhabu nikalisoma na tui langu la unga, nikakuta lina kazeini, ambayo ni protini ya maziwa. Hiyo haikunidhuru, maana ugomvi wangu ni na sukari peke yake. Lakini kwa mtu ambaye mwili wake hupigana na protini ya maziwa hiyo ni sumu, naye hana budi kusoma kila pakiti kama kadhi asomavyo wasia wa tajiri.

La tatu lilikuwa mkate wa kumimina, nalo nilitaraji lifute aibu ya mawili yaliyotangulia. Niliroweka mchele usiku kucha, nikausaga pamoja na tui na iliki, na ilipofika zamu ya hamira nikafikiri hivi: ikiwa kijiko kimoja cha chai huumua mkate mmoja, vijiko vitano vitaumua mkate wa kusimuliwa. Nikaufunika mchanganyiko, nikauweka juu ya kabati karibu na redio, katika joto la mwezi wa Machi, nikaenda zangu barazani kuongea siasa. Niliporudi, uji ule ulikuwa umeinua kifuniko, umevuka ukingo wa sufuria, umeteremka kabatini kwa utulivu wa mtu ashukaye ngazi za nyumba yake, na umeingia katika redio, ambamo msomaji wa taarifa ya habari alikuwa akiendelea na kazi yake kwa sauti ya mtu anayezama. Nilisimama nikatazama povu lile likipumua, nikafahamu kwa mara ya kwanza, bila ya msaada wa tabibu, jambo linalotukia ndani yangu kila ninywapo faluda.

Ndipo shangazi alipotoka chumbani. Hakusikia redio, lakini alinusa hamira. Alilitazama kabati, akanitazama mimi, akauliza, "Mwanangu, unatafuta nini humu jikoni?"

"Natafuta kitamu kisichokuwa na maziwa, Shangazi!" nikapaza sauti.

Akacheka hata akashika ubavu. "Kisichokuwa na maziwa? Kwani chenye maziwa ni kipi? Vitumbua nilivyokulea navyo vilikuwa na maziwa? Kashata? Mizuzu ya futari? Viazi vitamu vya tui? Boga? Huo mkate wenyewe uliomwagia redio? Maziwa humu ndani yalikuwa ya chai ya wageni." Kisha uso wake ukabadilika kwa huzuni. "Lakini wewe vyote hivyo umeharimishwa, baba. Si umekatazwa mbuzi?"

Palipita kimya kirefu. "Mbuzi wa kukamwa, Shangazi," nikasema. "Mbuzi anayekula majani."

"Ungalisema mbuzi wa," akajibu, "ningalisikia. Wewe ulisema mbuzi tu."

Hakuna jawabu la hoja hiyo, seuze kwa mtu aliyefundisha ngeli za Kiswahili kwa miaka thelathini, akawachapa watoto wa wenzake kwa kusahau kiambishi kimoja. Wiki tatu za wali mkavu, kijiko kilichopinda, redio iliyozama na usiku wa krimu, vyote vilitokana na "wa" moja niliyoiona haina haja.

Mbuzi yetu ilirudishwa alasiri hiyo, na shangazi akatoa hukumu kwamba aliyeumwa ndiye atakayekuna. Nikaikalia, nikakuna nazi mbili, na chembe za ngozi ya kidole changu zikaingia humo kama zaka. Shangazi alitia maji ya uvuguvugu juu ya nazi iliyokunwa, akaikamua kwa kifumbu, akaliweka kando tui zito la kwanza, kisha akatia maji tena akakamua tui jepesi. Mizuzu minane iliyoiva hata ganda likawa na madoa meusi aliimenya, akaikata, akaichemsha katika tui lile jepesi pamoja na sukari, iliki iliyopondwa na chumvi kiasi cha kushikwa na vidole viwili, maana utamu bila ya chumvi, alisema, ni kama harusi bila ya ngoma. Ilipolainika ndipo akatia tui zito, moto ukiwa mdogo na chungu kikiwa wazi, akawa analikoroga polepole bila kuliacha litokote kwa nguvu, kwani tui likitendewa kwa haraka hukatika, likajitenga mafuta huku na maji kule. Kazi yote, kuondoa muda wangu wa kulalamikia kidole, haikufika saa moja.

Nililamba sahani mbili, na tumbo likanyamaza kama mwanafunzi aliyeulizwa swali. Hapo nikatambua nilipokosea zaidi ya sarufi. Muda wote ule nilikuwa nikilivika tui kanzu ya maziwa na kulituma likahudhurie mahali lisipoalikwa, kwenye krimu na barafu za kugandishwa, kisha nikalilaumu kwa kuwa si maziwa. Shangazi hakuliomba liwe kitu kingine, alilitaka liwe tui, nalo likawa.

Imebaki halua tu, ambayo hupikwa kwa samli, na samli asili yake ni ng'ombe. Nilirudi kwa tabibu na kadhia hiyo. Akaniambia kwamba samli iliyochujwa vyema huwa na laktosi kidogo mno, na kwa mtu wa hali yangu, si wa ile ya protini, kipande cha kadiri ya kidole gumba hakitaniumiza. Hakusema gumba la nani. Nimechagua la muuza halua, ambaye ni mtu mnene.

Basi wewe msomaji uliyekatazwa maziwa, usiusikitikie ulimi wako, kwa kuwa pwani yote hii imekwisha kukupikia tangu hujazaliwa. Msikitikie atakayekuna nazi. Katika nyumba yetu mkunaji huyo ni mimi, na leo ni zamu ya vitumbua.