Nyumba Inayovaa Plastiki

Columbus, Ohio

Mjomba,

Juzi uliponiuliza kama huku napiga lipu, nilikata simu kwa aibu nikasingizia mtandao. Leo nasema kweli. Sipigi lipu. Mimi niliyekubebea karai Muheza miaka sita, huku navisha nyumba plastiki.

Usicheke kwanza. Nyumba zenyewe ni mbao tupu, kama kichanja cha vyombo, zinagongelewa plaiwudi halafu zinafungwa karatasi kama andazi la dukani. Hapo ndipo tunapokuja sisi na saidingi: pisi za PVC, ukoo mmoja na mabomba ya maji, unene kama milimita moja, urefu futi 12 na nusu, zimechorwa mistari ili jirani adhani ni mti. Jirani hadanganyiki, maana na yeye anazo.

Siku ya kwanza nilipopewa nyundo nikasema hapa watanijua. Nikapiga msumari wa kwako ule, mapigo matatu, kichwa kikazama. Bosi wangu, mzee wa Guatemala ambaye Kiingereza chake na changu hukutana kwa nadra, akajishika kichwa. Akatoa sarafu ya senti kumi, akaipenyeza chini ya kichwa cha msumari wake: nafasi iwe hiyo. Tena msumari ukae katikati ya kitundu, usibane.

Ufundi gani huu wa misumari kuning'inia? Alipokwenda kunywa kahawa, nikaikaza yote ya upande wa kusini. Ilikuwa asubuhi ya Aprili, baridi ya kung'ata masikio. Saa nane jua likatoka. Mjomba, ukuta ukaanza kuvimba, mawimbi kama Pangani wakati wa kusi! Kumbe pisi moja hurefuka nusu inchi na ushei kati ya baridi na joto. Ukiibana haina pa kwenda, inatoa kitambi. Nilibandua peke yangu mpaka magharibi. Ndiyo maana hata kwenye pembe, pisi inapoingia kwenye mfereji wake, tunaacha robo inchi, na kwenye baridi kali tunaongeza.

Halafu msumeno. Diski niliikuta imefungwa kinyume, meno yanatazama nyuma. Nikasema moyoni, mzee wa watu macho yamechoka. Nikaigeuza kimyakimya, nimsitiri. Pisi ya kwanza ikapasuka kama kigae cha mtungi. Kumbe hugeuzwa makusudi: meno yakienda kinyumenyume yanaparuza polepole, yakienda mbele yanaidaka plastiki na kuivunja. Tangu hapo sisitiri mtu bila kuuliza.

Kitu kimoja tu cha kwako kimeniokoa. Mstari wa kwanza wa chini ukienda upogo, nyumba nzima inakwenda upogo, maana kila pisi inajipachika kwenye ya chini yake. Pimamaji na kamba ya chaki nilivishika mimi, na mzee akanyamaza. Kunyamaza kwake ndiyo sifa, hana nyingine. Baadaye akanifundisha kuyapa mgongo maungio, yasitazame mlango wa mbele, mgeni asiyaone.

Sasa ya Jumamosi. Mteja mmoja aliweka jiko la nyama choma karibu na ukuta. Nyama iliiva, na ukuta ukaiva. Nilikuta pisi nne zimelegea zikining'inia kama ulimi wa mbuzi aliyechoka. Nikatoa kichuma chetu chenye ndoano, nikakipenyeza chini ya pisi, nikakivuta kama zipu ya gauni, ukuta ukafunguka katikati. Nikang'oa zilizoungua, nikapachika mpya, nikafunga. Mjomba, hebu wewe jaribu kuchomoa tofali la katikati kisha urudishe, mwenye nyumba hajamaliza soda!

Alifurahi mno, akanipa na mbavu mbili za kwenda nazo. Leo asubuhi amepiga simu. Jiko kalihamishia upande wa pili wa nyumba, na anauliza kama Jumamosi hii nina nafasi.