Sifa za Uvundo wa Webuye

Wengine wamesifu waridi, wengine asmini na udi wa Arabuni. Mimi leo nausifu uvundo wa Webuye, niliolala nao kitanda kimoja utotoni mwangu wote na kuulia ugali.

Kwa asiyewahi kupita huko, Webuye ni mji mdogo wa Bungoma, ukingoni mwa mto Nzoia, karibu na maporomoko ya Nabuyole ambayo wakoloni waliyapachika jina la Broderick, na mji nao ukaitwa hivyo. Reli ya Uganda inapita, barabara ya Malaba inapita, na kuanzia miaka ya 1970 kukawa na kiwanda cha karatasi. Sitakitaja jina, maana mwenye pua anakijua. Serikali ilikuwa na hisa humo, matajiri wa India walikuwa nazo, na tawi la Benki ya Dunia halikukosa kiti. Miti ilikatwakatwa vipande, ikapikwa kwa magadi makali na chumvi za kiberiti, na karatasi ikapelekwa kwa wenye kusoma. Sisi tuliachiwa kilichotoka kwenye bomba: mayai viza, kabichi ya juzi, na kitu cha tatu ambacho lugha ya heshima haijakipa jina.

Haukubagua. Uliingia kwa padri, kwa imamu na kwa chifu bila hodi. Uliwaokolea abiria nauli: aliyesinzia kwenye matatu aliamka mwenyewe kabla makanga hajaita kituo. Na ushujaa wake! Mwaka 1895 Wabukusu walijichimbia ngome pale Chetambe, juu ya mji, wakapambana na wavamizi wenye bunduki. Ngome ya kuuzuia uvundo hakuna aliyewahi kuichimba.

Lakini sifa yake kuu ilikuwa ukweli. Katika mji wetu ndio uliokuwa taarifa ya habari pekee isiyotiwa chumvi. Ukijaa mitaani mchana kutwa, tulijua mitambo yote iko kazini, zamu zinapokezana, na mwisho wa mwezi mwenye duka atafuta majina kwenye daftari lake la madeni. Ukipungua siku mbili mfululizo, mama aliacha kukopesha sukuma wiki. Ukilala chini alfajiri kama ukungu, hakuna upepo, na akina mama walikimbilia kamba za nguo kuanua kabla shuka hazijashiba. Wazee waliusoma kama mabaharia wanavyosoma kusi na kaskazi. Kulikuwa na fundi viatu mmoja karibu na stesheni aliyeapa kwamba akinusa tu anajua boila ipi imezimwa na nani kaizima. Alituambia uvundo wa Jumatatu una uvivu ndani yake, na wa siku ya mshahara una tabasamu. Tulimcheka. Mwanzoni mwa mwaka 2009 alinusa asubuhi moja, akanusa tena, akafunga misumari yake kwenye kitambaa na kuhama. Kiwanda kilikuwa kimelemewa na madeni, likiwemo la umeme. Maelezo ya wakubwa yalifika baadaye sana, na hayakunuka ukweli hata kidogo.

Hapa nisimame kidogo, maana nasifu na huku meno nimeyauma. Baba aliezeka nyumba ile ile mara mbili. Bati jipya lilikuwa likigeuka chujio kabla hajamaliza kulilipia. Nikatumwa na kipande chake mpaka ofisi moja ya serikali, kijana wa miaka kumi na mitano, bati kichwani. Bwana aliyekuwa mezani alilishika kwa vidole viwili, akaniuliza kama tuna hakika si mvua. Mvua! Kakamega inanyesha kuliko kwetu na mabati yao yanang'aa. Akasema niache jina, nitaitwa. Sijaitwa mpaka leo, na bati langu hakunirudishia.

Haya, turudi kwenye sifa.

Baada ya 2009 hewa ya Webuye ikawa safi, na maneno ndiyo yakaanza kunuka. Nyumba za kupanga zikabaki na makufuli, wauza chakula wa getini wakakunja mabenchi. Kila msimu wa kura magari yenye vipaza sauti yalipanda kutoka Nairobi: kiwanda kinafunguliwa, jiandaeni. Kilifufuliwa kwa muda mfupi, kikazimika. Mwaka 2016 kikauzwa kwa shilingi milioni 900. Wafanyakazi wa zamani waliodai haki zao walibaki na mafaili ya barua, kwa hiyo karatasi hazikukosekana mjini.

Nakumbuka mkutano mmoja wa kampeni. Mheshimiwa alionyesha bomba la moshi kwa kidole, akaapa kwa jina la mama yake kwamba kabla ya mwezi kwisha litatoa moshi. Watu wakapiga vigelegele, nami nikajisahau nikapiga. Nikakimbia nyumbani kwa shangazi, aliyekuwa kibarazani akichambua maharagwe.

"Shangazi, mheshimiwa amesema mwezi huu huu!"

Akainua uso, akanusa upepo kutoka upande wa mtoni, taratibu, mara mbili.

"Nimeanika shuka, mwanangu," akasema. "Ziache huko huko kambani."