Pasi Elfu na Mguu Mmoja

Jamaa yetu wa takwimu kapakua Power BI, na tangu siku hiyo hatuangalii mpira kwa amani. Juzi katuita tuone alivyoichambua ile mechi ya Hispania na Urusi, Kombe la Dunia, Julai 1, 2018, uwanja wa Luzhniki, Moscow.

Kwanza programu ikajumlisha namba za jezi. Ndiyo tabia yake: ikiona safu ya namba, inajumlisha bila kuuliza. Ramos wa 15 na Busquets wa 5 wakawa 20, yaani Asensio. Mtaalamu akakohoa, akabofya hapa na pale, akaikataza.

Kisha zikaja rangi. Hispania ilipiga pasi zaidi ya 1,000, kwa hiyo mhimili wake ulisimama kama mnazi. Wa Urusi ukalala kama mkeka. Ramani ya joto nayo iliwaka nyekundu katikati ya uwanja, mahali ambapo, kwa taarifa yenu, hakuna goli. Hata bao pekee la Hispania alijifunga Mrusi mwenyewe.

"Mnaona walivyotawala?" akauliza. Tukaona.

Nikamwomba anitafutie mguu wa kipa Akinfeev, ule uliopangua penalti ya Aspas na kuwakatia Wahispania tiketi ya kurudi kwao. Akapekua vichujio vyote, jasho likimtoka. Safu ya mguu haikuwepo.

Dakika 120, 1-1. Penalti, 4-3. Robo fainali walikwenda wenye mkeka.